Ng'ombe Aliyekawia Miaka Kumi na Minne

Kwa miaka kumi na minne Micah Kipkemei hakuwahi kupita sokoni Subukia bila kuulizwa habari za ng'ombe. Si ng'ombe wake wa zizini, waliokuwa watano na wote wazima. Aliulizwa habari za ng'ombe wa sinema. Alikuwa mzee wa kanisa, mwanakamati wa chama cha maziwa, baba wa watoto sita, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka, lakini akichomoza tu kwenye kona ya duka la mbolea, lazima mtu angeita, "Bwana Nusu! Ng'ombe amefika?" Naye, aliyejiapiza asubuhi ile ile kwamba leo hajibu, angejibu, "Bado kidogo!" Soko zima lingeangua kicheko.

Ukweli ni kwamba alipenda. Mkewe Chelangat alilijua hilo vizuri, kwa sababu siku ambayo hakuulizwa na mtu, Micah alirudi nyumbani akilalamikia mgongo.

Sinema yenyewe ilitengenezwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Jagdish, kijana mwenye studio ya picha mjini Nakuru, alikuwa amepata kamera ya sinema iliyotumika, isiyoshika sauti hata kidogo, na hakujua aifanyie nini. Siku moja alipita karibu na kinu cha unga akamwona mpakia magunia mmoja, mfupi, akiteleza na gunia lake, akipotea ndani ya unga, kisha akiibuka mweupe pepepe na kumpigia msimamizi saluti. Jagdish alicheka mpaka akakaa chini pale pale barabarani.

"Wewe," akamwambia alipopata pumzi, "naweza anguka tena?"

Micah alisema anaweza. Kuanguka ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Mwenzake akawa Obura, karani wa reli, mrefu wa kuinama kila mlango. Jagdish aliwaita Bwana Mzima na Bwana Nusu, na hadithi aliyowapa ungeweza kuiandika kwenye kiganja: watu wawili wamenunua ng'ombe Naivasha, wanampeleka Subukia kwa miguu, na ng'ombe hataki. Basi. Kwa dakika arobaini ng'ombe anakaa barabarani, anakula kofia ya Mzima, anageuka kurudi Naivasha mara tatu, na Nusu anatumbukia mtaroni mara kumi na moja, kila mara kwa namna yake. Mwisho jua linatua, wawili hao wameketi kando ya njia, ng'ombe amelala katikati yao akicheua. Mtoto anapita na kuuliza, "Ng'ombe amefika?" Nao wanajibu, "Bado kidogo." Jagdish aliiita *Ng'ombe Hafiki*.

Ng'ombe yule aliazimwa kwa mzee mmoja wa upande wa Gilgil, ambaye hakuwaamini watu wa picha na akamtuma binti yake amlinde mnyama. Binti ndiye Chelangat. Kwa siku tisa alisimama nyuma ya kamera, fimbo mkononi, akimtazama Micah akianguka, na hakutabasamu hata kidogo. Siku ya kumi, kazi imekwisha, Micah alikwenda kumuaga, akakanyaga mavi ya ng'ombe na kuanguka kikweli. Hapo Chelangat alicheka hadi fimbo ikamtoka mkononi. Micah alipeleka wazee kwao kabla ya mvua za masika.

Sasa, kwa kuwa kamera haikushika sauti, sauti ilikuwa ni Obura. Popote sinema ilipoonyeshwa, katika nyua za shule, kwenye mashamba, katika kumbi za mjini, Obura alisimama kando ya shuka nyeupe na kipaza sauti mkononi, akasema maneno ya wote: ya Mzima, ya Nusu, ya mtoto, hata mawazo ya ng'ombe, ambaye kwa Obura alikuwa mtu mwenye dharau nyingi na msimamo mkali kuhusu mishahara. Kando yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda glasi ya chai. Watu wakicheka, Obura hakushindana nao. Alinyamaza, akanywa chai, akangoja. Kicheko kifupi, funda moja. Kicheko kirefu, mafunda matatu, kisha anaruka sentensi mbili na kuidaka sinema mbele. Baada ya onyesho alimwinulia Micah glasi amwonyeshe ilipofikia. "Leo nusu glasi," alisema. Au, "Leo robo, lakini kulikuwa na baridi." Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kupata glasi nzima, na Obura aliizungumzia glasi nzima kama mtu anayezungumzia mvua iliyonyesha kwa jirani.

Micah, kwa upande wake, hakuwahi kusema neno mbele ya watu. Kanisani alikusanya sadaka, na maombi aliwaachia wengine. Maneno yote ya Bwana Nusu yalitoka kinywani mwa Obura, na Micah aliona hivyo ndivyo inavyofaa. Aliamini, na sidhani alikosea, kwamba hapajatokea mtu wa kuchekesha kama Obura kuanzia Naivasha mpaka Eldama Ravine.

Mapema mwaka 1976, Jagdish na Obura walifika Subukia pamoja. Ndevu za Jagdish zilikuwa zimeanza mvi. Ndugu zake wawili walishahamia Uingereza, yeye akabaki na studio. Chelangat aliwapa mursik, maziwa ya kibuyu, na viazi, wakala, wakasifu, ndipo Jagdish akasema kilichowaleta.

"Micah, mimi nataka maliza ile hadithi. Watu nauliza mimi kila siku. Sasa iko kamera mpya, nashika sauti. Sisi natengeneza ya pili."

Micah aliweka kibuyu chini. "Hapana."

"Hata hujasikia."

"Nimesikia, Bwana Jagdish. Watu wanaipenda ile. Kitu watu wanapenda hivyo, unaenda kukigusa kwa nini? Mimi nina miaka hamsini na moja. Nyonga yangu inalia nikipanda ngazi ya kanisa. Tukitoa kitu kibaya, wataacha kucheka hata ile ya kwanza. Halafu tutakuwa na nini?"

Jagdish alimtazama Obura. Obura alikuwa akitazama nje, zizini.

"Omera, ndugu yangu," alisema pole pole, "mwezi wa kumi na mbili nastaafu. Narudi nyumbani Nyakach. Huko kwetu hiyo sinema haikufika. Hakuna mtu ataniuliza ng'ombe amefika." Alijaribu kucheka. "Nilitaka tu afike kabla sijaenda."

Micah hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi alimwambia Chelangat kwamba amekubali, na kwamba itakuwa aibu, na kwamba aibu hiyo Obura atakwenda nayo kwao na kukaa nayo mpaka afe. Ndicho alichokiogopa. Yeye mwenyewe angeweza kuvumilia kuchekwa vibaya. Obura kuondoka Nakuru akiwa amezomewa, baada ya miaka yote ile, hilo hangelivumilia.

"Basi msifanye vibaya, Baba Kipkoech," alisema Chelangat, na kwenda kukama.

Ng'ombe alitoka zizini kwao. Chelangat alikuwa amepewa ndama wa yule wa kwanza alipoolewa, na huyu alikuwa mjukuu, mwenye doa jeupe lile lile kwenye paji la uso. Tatizo lilijitokeza siku ya kwanza. Bibi yake alikataa kwenda. Huyu, aliyelelewa na Micah kwa chumvi na kubembelezwa, alipoelekezwa njia ya Subukia alijua anarudishwa kwao, akatoka mbio. Jagdish aliwasha kamera, Mzima na Nusu wakajipanga kumsukuma ng'ombe mkaidi, na ng'ombe hayupo. Yuko mbali kule, mkia juu.

Walibishana kutwa. Jagdish alitaka kutafuta ng'ombe mwingine, mvivu. Obura ndiye aliyeanza kucheka. "Mwacheni," alisema. "Miaka kumi na minne tunamvuta. Sasa yeye anatuvuta sisi."

Ikawa hivyo. Hadithi nzima ikageuka: wazee wawili wakimkimbilia ng'ombe mwenye haraka ya kufika, na hawamfikii. Na ilipofika zamu ya kuanguka mtaroni, Micah alisimama ukingoni, akatazama chini, akashika nyonga. Hakuweza. Kamera ilikuwa inazunguka, basi akatafuta pahali pazuri. Akapapasa nyasi, akapiga jiwe moja kwa mguu kulisogeza, akakunja koti lake akaliweka chini, kisha akajishusha polepole, mkono mmoja ukishika kichaka, mpaka akalala mtaroni chali. Akanyoosha mkono akachukua kofia yake na kuiweka kifuani. Nyuma ya kamera Chelangat alilazimika kukaa chini. Jagdish, jicho kwenye kioo, alikuwa akilia machozi na kusema, "Ngoja, ngoja, usiamke bado." Ilikuwa bora kuliko zile kumi na moja zote, na mtu wa miaka thelathini na saba hangeweza kuifanya.

Kwa hiyo picha zilikuwa nzuri. Micah alianza kutumaini, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Upepo wa barabarani uliharibu sauti zote, kwa hiyo sauti ilitiwa baadaye, ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, kilichofunikwa mablanketi kuta zote ili pasipenye hata honi. Jagdish alimjaribu Micah aseme maneno ya Nusu mwenyewe. Micah aliyasema kama anayetangaza ndoa kanisani. Akarudishiwa Obura sauti zote, kama zamani. Obura alipofika kwenye maneno ya ng'ombe, Micah alicheka, na Jagdish akasimamisha tepu.

"Kicheko yako naharibu! Toka nje!"

Micah akakaa nje kwenye ngazi. Ndani, Obura alisema sentensi moja, ikafuata nyingine, na nyingine, kimya cha mablanketi kimemzunguka, bila chai, kwa sababu glasi ingegonga meza na kusikika. Hakuna aliyeona kosa. Jagdish alikuwa makini kuliko daktari, na alitumia miezi nane kuyapanga maneno yale yaende sawasawa na midomo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika ukumbi uliokodiwa mjini Nakuru, mwezi wa kumi na mbili. Vitu vya Obura vilikuwa vimeshafungwa kwenye masanduku, na Jumatatu alikuwa na treni. Watu walikuja mpaka wengine wakakaa sakafuni: wafanyakazi wa reli, wenye maduka na wake zao waliovaa sari, wakulima waliotoka Subukia na lori la maziwa, wazazi waliokuwa watoto wakati wa ile ya kwanza na sasa wamewashika watoto wao mkono. Obura aliketi mstari wa mbele, amevaa suti yake ya kuagwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi kama mtazamaji. Hakujua aweke wapi mikono.

Taa zilipozimwa na sura zao mbili zikatokea, watu walipiga kelele za furaha kiasi kwamba neno la kwanza la Bwana Mzima halikusikika. La pili pia. La tatu lilisikika nusu, watu wakacheka, na kicheko kikalifunika la nne.

"Amesema nini?" mtu aliuliza.

"Sijasikia. Nyamazeni!"

"Shhh! Tusikie!"

Sinema haikungoja. Sauti ya Obura ilitoka kwenye spika, nzuri, safi, ikiendelea mbele kama karani anayesoma majina. Aliyecheka alikosa utani uliofuata, na jirani yake akamkanya. Baada ya dakika kumi ukumbi ulikuwa umejifunza. Watu mia tatu waliketi wima, viganja midomoni, wakijizuia kucheka ili wasikie kitu cha kuchekesha. Ng'ombe alitimka, mkia juu, na hakuna aliyethubutu. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa.

Micah aliona yote. Alimwona Obura akiinamisha kichwa kidogo kidogo, hadi akawa anatazama viatu vyake. Yule mtu mrefu alikuwa amekunjamana kitini. Alidhani hawacheki kwa sababu amezeeka. Micah alilijua hilo kana kwamba Obura amemwambia sikioni.

Kisha akakumbuka ngazi. Alikumbuka alivyotolewa nje kwa kucheka, na akaelewa kilichokosekana. Maneno yale yalisemwa pahali ambapo kucheka kulikatazwa, na hayakuwaachia watu nafasi hata ya funda moja.

Aliinuka. Nyonga ililia. Alipita kati ya watu mpaka nyuma, kwenye meza ya projekta, ambako Jagdish alisimama uso umemparama.

"Zima sauti," alisema Micah.

"Nini?"

"Picha iache. Zima sauti. Haituachi tucheke, Bwana Jagdish. Ile ya zamani ilikuwa inangoja."

"Micah, hii ni miezi nane ya kazi."

"Najua."

"Obura hana karatasi hapa! Hana maneno!"

"Amewahi kuwa na karatasi?"

Jagdish alitazama vichwa vile mia tatu vilivyonyamaza. Alikuwa mtu aliyeipenda kazi yake, na najua wasanii wengi ambao wangeacha ukumbi uungue kuliko kuigusa kazi ya miezi nane. Jagdish aliinua mkono akageuza kitufe mwenyewe, mpaka mwisho. Kimya kikaingia, ng'ombe akakimbia bila sauti, na watu wakaanza kunung'unika.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja wa kuuza chai. Micah alichukua glasi moja, imejaa hadi ukingoni, akatembea nayo mpaka mbele akiilinda isimwagike. Alivuta kigoda. Aliweka chai. Kipaza sauti cha hotuba kilikuwa pale, akakichukua na kumnyooshea Obura.

"Hapana, omera," Obura alinong'ona. "Umeona mwenyewe. Imekwisha."

"Hawakucheka kwa sababu wanakusikiliza," alisema Micah. "Chai itapoa."

Obura aliitazama glasi. Kisha akasimama, na alipomaliza kusimama ilionekana wazi kwamba ukumbi ule ulijengwa na watu wafupi. Alitazama shuka. Ng'ombe alikuwa ameruka daraja, na wazee wawili walikuwa mbali nyuma, wameshika viuno.

"Mimi," alisema Obura kwa sauti ya ng'ombe, iliyokwaruza sasa, lakini dharau ile ile, "bibi yangu alikaa hii barabara miaka kumi na minne akingoja nyongeza ya mshahara."

Ukumbi ulilipuka. Obura akanywa funda moja, akangoja.

Yaliyofuata bado yanasimuliwa Nakuru na watu ambao hawakuwepo. Alisahau nusu ya maneno ya Jagdish na kutunga mengine. Alimsemesha mtoto aliyefinywa, akamwambia sasa ruhusa. Micah alipojishusha mtaroni polepole, akikunja koti lake, Obura hakusema chochote kabisa. Alikunywa tu, funda baada ya funda, huku watu wakigongana mabega na mke wa muuza vitambaa mmoja akimwomba Mungu amsaidie apumue. Jagdish nyuma ya projekta alikuwa akipiga meza kwa kiganja.

Hatimaye ng'ombe alifika Subukia, akaingia zizini mwenyewe, akaanza kula. Wazee wawili bado wako njiani, jua linatua, wamekaa kando ya barabara pale pale pa zamani. Mtoto anapita. Midomo yake inasogea, lakini Obura hakumsemea, kwa sababu ukumbi wote ulisema pamoja:

"Ng'ombe amefika?"

Obura aliweka glasi juu ya kigoda. Akageuka na kumpa Micah kipaza sauti.

Micah alikishika kama kitu kilichotoka motoni. Miaka kumi na minne maneno yake yalikuwa kwa huyu mtu, na Jumatatu huyu mtu anapanda treni. Alitazama shuka, wale wazee wawili waliokaa bila haraka.

"Amefika," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, na watu wakanyamaza kuisikia. "Amefika salama. Ni sisi ndio bado kidogo."

Kicheko kilianzia sakafuni kwa watoto, kikapanda, hakikukoma. Watu walicheka huku wakifuta macho, wakasimama, wakaendelea kucheka wakiwa wamesimama, na mkanda ukaisha ukabaki ukizunguka bure. Obura alikuwa ameinua glasi yake. Alikunywa, akangoja. Akanywa tena, akangoja. Alikunywa mpaka kichwa kikalala nyuma, kisha akamgeuzia Micah ile glasi juu chini, mbele ya watu wote, na halikudondoka hata tone.